Sori Yako ni Pole au ni Samahani?

Nilikosa mazishi ya baba mdogo. Alizikwa Jumatano, kijijini kwetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Tukuyu mjini. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikimalizia kazi ambayo, nikisema ukweli, ingeweza kusubiri. Usiku ule nikaandika kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Sori sana familia, nimebanwa." Wawili watatu wakajibu kwa alama ya mikono iliyofumbatana. Nikalala.

Wiki mbili baadaye nikashuka stendi ya Tukuyu, mvua ya kwetu isiyouliza mwezi ikinyesha. Shangazi nilimkuta barazani akimenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Ndipo nikasema: "Sori, shangazi."

Hakuacha kumenya. "Hiyo sori yako ni pole au ni samahani?" akauliza. "Kama ni pole, nimeipokea, na wewe pole, maana alikuwa baba yako. Kama ni samahani, bado hujaomba."

Shangazi aliishia darasa la saba. Mimi nina shahada, na nilikaa pale kwenye kigoda bila jibu.

Tangu siku hiyo nina kesi na neno hili. Simlaumu Mwingereza. Kwake "sorry" ni neno la kazi nyingi. Hulitumia kumsikitikia mtu, kukiri kosa, kupenya kwenye foleni, na kumwomba mtu arudie alichosema. Likitangulia jina, huweza kueleza hali duni ya kutia huruma. Wengi hudhani limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni, kumbe hayo mawili yamefanana sura tu. Ukoo wake ni "sore", maumivu au kidonda. Zamani aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu anayeumia moyoni. Hakuwa anamwomba mtu chochote. Na pale linapokuwa jepesi mno, Mwingereza ana mengine ya kushika: "apologise" akitaka kukiri, "forgive me" akitaka kusamehewa, "regret" akitaka kujutia kwa mbali. Anajua lipi ni zito na lipi ni la njiani. Sisi tumebeba hilo moja la njiani, tukalipa kazi za yote.

Tena tumelibeba wakati nyumbani tulikuwa na maneno yaliyogawana kazi vizuri.

Pole haina mshtakiwa. Mtu usiyemjua akijikwaa mbele yako sokoni, unasema pole. Mgeni kutoka Ulaya hushangaa: kwani umemsukuma wewe? Hapana. Umeona tu kwamba ameumia. Mama anayepandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani unampa pole na kazi, wala hukumtwisha wewe. Aliyefiwa unampa pole, naye anakujibu kwamba ameshapoa, hata kama bado hajapoa.

Samahani inahitaji watu wawili, mkosaji na mkosewa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni nisamehe. Ukiitamka umemkabidhi mwenzako uamuzi, naye anaweza kukataa. Radhi ni nzito zaidi. "Niwie radhi" maana yake moyo wako ulioniacha urudi kuridhika nami. Ndiyo maana anayeondoka nyumbani bila radhi za wazazi huhesabiwa kaondoka mikono mitupu, hata awe na mabegi kumi.

Sori inayachukua haya yote na kuyapunguza uzito, na hapo ndipo penye ubaya wake: inamruhusu mkosaji ajifanye mfariji. Nilipoandika "sori sana familia", nilijipanga kwenye mstari wa watoa pole, wakati nilipaswa kusimama peke yangu mbele yao. Na "nimebanwa"! Nani alinibana? Nilitumia kitenzi kisicho na mtendaji, kana kwamba mlango ulinifungia mkono.

Utaniambia lugha hukopa. Naam. Samahani ni ya Mwarabu, shule ni ya Mjerumani, na hatujafa. Sina ugomvi na mkopo. Ugomvi wangu ni na neno linalokopwa ili kukwepa deni.

Wala usidhani Kiswahili sanifu kina mikono safi. Umeme ukikatika siku nzima, fedha zako zikipotelea kwenye mtandao, basi likichelewa saa sita, tangazo ni lilelile: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Lisome tena polepole. Usumbufu *uliojitokeza*. Haukusababishwa na mtu, ulijitokeza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Neno zito la radhi limewekwa mbele, na nyuma yake sarufi inamtorosha mkosaji. Hiyo nayo ni sori, imevaa suti.

Hili si suala la adabu za barazani tu. Tarehe 31 Oktoba 2023, jijini Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu alizungumzia maovu ya ukoloni wa Waingereza nchini Kenya. Alitaja huzuni kubwa na majuto ya kina, akasema maovu yale hayana kisingizio. Msamaha hakuomba. Miaka 10 kabla yake, Juni 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni London kwamba inajutia kwa dhati mateso waliyopata Wakenya wakati wa Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na katika tamko hilohilo ikaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Walilipa na kusikitika, lakini hawakukosa. Shangazi angewauliza swali lilelile.

Siku moja tu baada ya hotuba ya Nairobi, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao, akaahidi kwamba nchi yake itajaribu kuyatafuta mabaki ya chifu huyo. Kuomba si kumaliza. Vita ile, kwa baadhi ya makadirio, iliua watu wapatao 300,000, na suala la fidia halizimwi na hotuba. Lakini baada ya maneno yale, waliokosewa wana kitu mkononi. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa, wanaweza kusema: sawa, sasa tuongee. Majuto hayampi mtu nafasi hiyo. Unayasikiliza, unapiga makofi, mgeni anapanda ndege.

Sisi wa Rungwe tunayasoma haya katika mji ambao Wajerumani haohao waliuita Neu-Langenburg na kujenga boma lao. Nasi tulikuwa na utaratibu wetu wa makosa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, ameeleza jinsi hasira ya ndugu iliyofichwa kifuani ilivyoaminiwa kuleta maradhi, na jinsi waliogombana walivyotakiwa kwanza kuitamka hasira hiyo wazi, ndipo tambiko liweze kuleta baraka. Si lazima uamini tambiko ili uuone ukweli wake: kosa lisilotajwa halisameheki, kwa sababu hakuna anayejua asamehe nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa shahada na simu janja ni dogo. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala, sema sori, haidhuru. Lakini ukivunja ahadi, ukila mchango wa msiba, ukimwacha mtu peke yake siku aliyokuhitaji, lichague neno. Kisha litaje kosa kwa kitenzi chenye mtendaji, na mtendaji awe "ni": sikuja, nilikula, nilidanganya.

Mimi ilinichukua muda. Ndizi zilikuwa zimekaribia kwisha kumenywa nilipopata sauti.

"Samahani, shangazi. Sikuja kumzika baba mdogo. Kazi ingesubiri. Niliamua kutokuja."

Akakusanya maganda kwenye ungo, akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Kaburi liko kule mgombani," akasema. "Nenda kwanza ukamwambie yeye. Ukirudi utakula."