Kamera za Ulinzi na Uonevu Mashuleni

Wapo watu, tena wengi na wenye nia njema, wanaodai kwamba dawa ya uonevu katika shule zetu ni kutundika kamera za ulinzi ukutani. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mwonevu hupenda maficho, na akijua kwamba anatazamwa atajizuia. Mwingereza Jeremy Bentham aliijenga hoja hii hii katika mpango wake wa gereza uliochapishwa mwaka 1791, ambamo mlinzi mmoja huweza kuwaona wafungwa wote, nao wasijue ni saa ngapi wanatazamwa. Lakini yafaa iulizwe kwanza: huyo atazamaye ni nani, na akiisha kuona hufanya nini?

Swali hili limekwisha kujibiwa Mbeya. Mwezi wa Oktoba 2016 zilienea nchini picha za video zilizoonyesha walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wakimpiga kikatili mwanafunzi mmoja wa Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Taifa lilishtuka, na Waziri wa Elimu wa wakati ule, Joyce Ndalichako, akaagiza wahusika wafukuzwe vyuoni. Watetezi wa kamera huitaja habari hii kuwa ushahidi wao. La! Ni ushahidi wa kuwapinga. Kipigo kile kilitokea ofisini mwa walimu, yaani mahali ambapo, kama shule ingekuwa na kamera, ndipo kioo chake kingewekwa ili kitazamwe. Kilichoitoa habari nje ni simu ya mkononi, chombo kisichokuwa mali ya shule wala kuwa chini ya amri ya mkuu wake. Lau picha ile ingehifadhiwa katika mtambo wa shule, nani angeitoa? Mwenye kushika ufunguo wa mtambo ndiye mwenye kuishika siri.

Itajibiwa kwamba basi picha na zipelekwe kwa wakubwa walio juu ya shule. Na hilo nalo limejaribiwa na mambo yenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 2019, baada ya mabweni ya shule moja ya sekondari wilayani Chunya kuteketea kwa moto, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 mbele ya wenzao, na kamera zilikuwapo. Kanuni za mwaka 2002 zinampa uwezo wa kutoa adhabu hiyo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mkuu wa mkoa hatajwi. Nchi nzima iliona. Je, matokeo yalikuwa nini? Rais John Magufuli alimwunga mkono hadharani. Basi haikupungua picha wala mwangaza. Kilichopungua ni kukubaliana kwamba mtoto ana haki ya kutopigwa ovyo. Macho hayana pazia, lakini kuona si kuhukumu.

Hata tukiuacha uonevu wa wakubwa tukautazama ule wa wanafunzi kwa wanafunzi, kamera haifiki unakotendeka. Mtu aliyelala katika mabweni ya Iringa mwezi wa Juni au Julai anajua baridi ya nyanda zile. Mgeni wa kidato cha kwanza hunyang'anywa blanketi usiku, huamshwa alfajiri kumchotea maji mkubwa wake, hutishwa bafuni na chooni. Huko kamera haiwezi kuwekwa bila ya kuwavunjia watoto heshima yao. Itawekwa langoni, ukumbini na mbele ya stoo ya chakula, nayo italinda vizuri magunia ya mahindi. Mwonevu naye si mjinga. Atajifunza tu pembe isiyoonekana.

Ipo njia nyingine, na Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu yake. Katika shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928, W. B. Mumford alijaribu kuwapa wazee wa wenyeji nafasi katika malezi ya wanafunzi. Jaribio lile lilikuwa la kikoloni na lina mengi ya kulaumiwa, kwani lilitaka kumfungia Mwafrika ndani ya kabila lake. Hata hivyo lilishika jambo moja la kweli: kwamba mtoto aliye mbali na kwao anahitaji mtu mzima anayemjua kwa jina, anayeweza kumwendea bila hofu, na ambaye si yule yule anayemchapa.

Haikatazwi kukiri kwamba kamera ina faida yake. Pale ambapo mnyonge anasema hivi na mwenye nguvu anakana, picha huweza kukata maneno. Lakini faida hiyo huja baada ya jeraha, tena kwa sharti kwamba yupo mwamuzi asiyekuwa mshitakiwa. Shule yenye fedha ya kamera na isiyo na matroni wa kutosha, isiyo na mwalimu wa ushauri aliyepunguziwa vipindi, na inayowaachia viranja fimbo, imenunua macho na kuuza masikio. Na aibu iliyo kubwa zaidi ni kuwafundisha vijana kwamba wema ni kutoonekana ukifanya ubaya. Mwanafunzi atakayehitimu na somo hilo atakuwa mwalimu kesho, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.