Kumpa kijana simu na pasiwadi si kuunda timu

Wasee, lazima tuongee kuhusu hizi kazi za "kijana wa mitandao".

Tembea Meru mjini kutoka Makutano hadi Gakoromone, au ushuke hadi Embu, utaona biashara nyingi zilizokua kidogo sasa zinataka timu yao wenyewe ya matangazo. Sacco, shule ya kibinafsi, duka la mabati, wauzaji wa ploti. Hawataki tena kulipa kampuni ya Nairobi. Wanataka kijana mmoja wa kamera, mmoja wa kuandika, mmoja wa kudizaini posta, waketi kwenye kona karibu na stoo, na kazi ianze Jumatatu.

Mimi naona wazo lenyewe ni poa sana. Niliacha chuo mwaka wa pili (mambo ya kwa nini tuyaache, mathe husoma hizi posti), na tangu hapo nimefanya kazi ndani ya biashara mbili, moja Meru na nyingine Embu. Kwa hiyo hii siiongei kutoka kwa kitabu. Timu ya ndani inaweza kushinda kampuni yoyote kubwa ya Nairobi, kwa sababu inajua vitu ambavyo mtu wa Westlands hawezi kujua.

Mfano, lugha. Mtu wa Nairobi akiambiwa "weka Kimeru" ataita mtafsiri mmoja na kumaliza. Lakini maneno yanayoongewa Nkubu si yale yale ya Maua, na mtu wa Siakago hatasema kitu sawasawa na mtu wa Embu mjini. Ukikosea, watu hawakasiriki, wanakucheka tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Halafu kuna kalenda. Hapa kwetu Januari si mwezi wa kuuza mabati. Unauza bonasi ya majani chai ikiingia, huko Oktoba, wakati wakulima wa Githongo, Kionyo, Mungania na Rukuriri wako na pesa mkononi na nyumba isiyo na paa. Na kuna miezi ya kunyamaza. Somalia iliposimamisha miraa yetu Machi 2020 hadi Julai 2022, Igembe nzima ilikuwa na njaa ya pesa. Kijana aliyezaliwa Maua hahitaji utafiti kujua kwamba tangazo la "jipe raha wikendi hii" litaonekana kama matusi kipindi kama hicho.

Hiyo ndiyo mali. Sasa angalia vile inaharibiwa.

Pale nilipofanya kazi kwanza, kila posta ilipelekwa kwa grupu ya WhatsApp ya watu kumi na mmoja. Mkurugenzi anataka nembo iwe kubwa. Mke wa mkurugenzi anataka rangi ya damu ya mzee. Mhasibu anataka nambari ya simu iandikwe juu na chini. Mtu wa stoo, ambaye hata sijui aliongezwa na nani, anatuma tu kidole gumba. Kisha mkurugenzi anarudi saa tano usiku: "Vijana, hii haina mvuto." Mvuto wa nini, mzee? Haelezi. Posta ya kuwatakia wateja Krismasi njema ilitoka tarehe 27 Desemba. Dizaina wetu alikuwa ametengeneza matoleo kumi na manne, na la kumi na nne lilikuwa karibu sawa na la pili.

Mtu akiona hivyo atasema shida ni dizaina, hana kipaji. Hapana. Dizaina hakuwa na bosi. Alikuwa na wakubwa kumi na mmoja, na hicho ni kitu tofauti kabisa.

Kuongoza watu wa ubunifu kunaanza na mtu mmoja kukubali kazi ya kuudhi: kukusanya maoni yote, kuchagua mawili, kuyatupa tisa, halafu yeye mwenyewe kwenda kumwambia mke wa mkurugenzi kwamba rangi yake haikupita. Si kumtuma dizaina wa miaka 21 aende. Yeye. Na kabla ya hapo aandike maelezo ya kazi, hata kama ni mistari mitano: tunaongea na nani, tunataka afanye nini, mwisho ni lini. Wengi wa wanaoitwa mameneja wa masoko hapa kwetu hawaandiki. Wanatuma voisi ya dakika nne wakiwa kwa gari, na nusu yake ni honi.

Chukua M-Pesa. Majaribio yalianza 2005, na moja ya sehemu ilikuwa Thika, ule mji tunaopita tukienda Nairobi. Mpango wa mwanzo ulikuwa watu walipe mikopo ya Faulu kwa simu. Watu nao wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, matangazo hayakukuorodheshea mambo kumi na mawili. Yalisema jambo moja, kutuma pesa nyumbani, na hata shosho wa Runyenjes akaelewa. Tangazo halibaki na jambo moja kwa bahati. Lazima mtu asimame mlangoni akiyarudisha mengine.

Na usidhani hii ni shida ya wadogo. Aprili 2017 Pepsi walitoa lile tangazo la Kendall Jenner akimpa polisi soda katikati ya maandamano, kana kwamba ugomvi wa raia na polisi unaisha kwa kopo moja. Lilitengenezwa na studio yao ya ndani. Kesho yake wakaliondoa na kuomba msamaha. Kamera walikuwa nazo, pesa walikuwa nayo. Ukiniuliza, timu ya ndani ina hatari yake: mnakula pamoja, mnalipwa na mtu mmoja, mnaanza kupenda kazi zenu wenyewe. Kiongozi mzuri anatafuta mtu wa kubisha. Kiongozi mbaya anamwita huyo mtu "hana heshima".

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnaweza kuumia.

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga faini shule moja ya Nairobi, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera nayo ikapigwa 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Kabla ya hapo, Desemba 2022, Oppo Kenya walipigwa milioni 5 kwa picha ya mtu waliyoiweka Instagram bila ruhusa. Kuposti picha tu! Kitu ambacho wewe unafanya mara nne kwa siku ukiwa umekula chapo.

Sasa jiulize. Ile shule ya kibinafsi hapo mjini iliyokuajiri kwa 15,000 kwa mwezi, kuna mtu alikuonyesha fomu ya ruhusa ya wazazi? Kuna orodha ya watoto wasiopigwa picha? Au uliambiwa tu "nenda uwanjani upige picha za michezo, tupate wanafunzi muhula ujao"? Faini italipwa na shule, sawa. Lakini kikao kikikaa kutafuta nani aliposti, jina lako ndilo liko kwenye simu. Mtu wa kuandaa hiyo fomu ni kiongozi wa timu. Kama hakuna kiongozi, hakuna fomu, na kijana wa mitandao anageuka kondoo wa kafara.

Kitu kingine ambacho hakihitaji pesa yoyote: nani anaweza kusimamisha posti? Jumapili tarehe 24 Julai 2022 jioni, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, kwa barabara yetu hii ya kutoka Meru kwenda Embu. Watu zaidi ya 30 walikufa. Sasa fikiria uko zamu usiku wa aina hiyo, na posti ya ofa yenye vigelegele na maputo imepangwa kutoka saa mbili. Mkurugenzi simu imezimwa. Kwa timu nyingi ninazozijua, kijana angeogopa kuigusa kwa sababu "hatujaruhusiwa". Ukiwa kiongozi, mpe mtu wa zamu ruhusa hiyo mapema, kwa maandishi: ukiona jambo zito limetokea, simamisha kila kitu kwanza, uliza baadaye, hakuna mtu atakugombeza. Inachukua dakika tano kuandika.

Najua mabosi wana upande wao. Wanasema vijana tunachelewa, tunaediti kazi za watu wengine kwa kompyuta ya ofisi, tunahama baada ya miezi mitatu bila kuaga. Wengine tunafanya hivyo, tusidanganyane. Pale Embu tulikuwa na msee wa kamera ambaye alikuwa akishuti harusi kila Ijumaa na kutuambia anaumwa na jino. Jino gani linauma Ijumaa pekee? Lakini tulipomkalisha chini na kuuliza, ikawa hajawahi kuambiwa mshahara wake utapanda lini wala kama utapanda. Tulipanga Ijumaa iwe siku yake huru na Jumatano iwe ndefu. Jino likapona.

Na kama unaanza kazi, soma mkataba kwa hakimiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi unayotengeneza kama mwajiriwa inahesabiwa kuwa ya mwajiri, labda muwe mmekubaliana vinginevyo. Hata kazi uliyoagizwa ukiwa si mwajiriwa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo zile video zako kali za miaka miwili si zako. Ukitaka kuzionyesha kwa mteja mwingine kesho, omba mstari mmoja kwenye mkataba unaokuruhusu. Omba mapema, wakati bado wanakutabasamia. Bosi mwenye akili hatakataa, kwa sababu hapotezi chochote.

Akikataa, muulize maswali mengine mawili kabla hujaketi kwenye ile kona ya stoo: ni mtu gani mmoja atapitisha kazi yangu, na nikikosea hadharani, nani atajibu simu ya kwanza? Akikwambia "tutaona tukiendelea", chukua namba ya boda uende nyumbani.