Wembe na Kufuli: Ni Nani Anayezisoma Hazina za Kiswahili?

Ni nadra kongamano la Kiswahili kumalizika bila mtu kusimama na kulalamika kwamba miswada yetu ilichukuliwa na Wazungu. Makofi hupigwa. Nami nimewahi kuyapiga, tena kwa moyo mkunjufu. Lakini tangu nianze utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, makofi hayo yamekuwa yakinitia haya, kwa sababu hata zile hazina ambazo hazikuchukuliwa, zilizo hapa kwetu Afrika Mashariki, hatuzisomi. Dai langu katika makala haya ni kwamba kinachotutenga na maandishi yetu ya kale si umbali wa London wala wa Hamburg. Ni kufuli la maktaba zetu na wembe wa wanafunzi sisi wenyewe, na viwili hivyo vinalishana.

Nianze na wembe. Mwaka uliopita nilikuwa nikitafuta makala moja kuhusu arudhi ya tendi, iliyochapishwa katika jarida la zamani. Jarida lenyewe lilikuwa katika mkusanyo maalumu wa maktaba moja ambayo sitaitaja. Nilipoletewa juzuu hilo, gamba lake lilikuwa zima na yaliyomo yalionyesha ukurasa ambapo makala yangeanzia. Nikafunua. Kurasa zenyewe hazikuwapo. Zilikuwa zimekatwa karibu kabisa na mshono, kwa mstari ulionyooka, na mtu aliyekuwa na wembe mkali na mkono usiotetemeka. Nilikaa pale nikijiuliza mwizi huyu ni nani, na jibu halikunichukua muda. Nani mwingine angehitaji makala ya arudhi ya tendi? Si mwanafunzi wa uhandisi, wala wa udaktari wa mifugo. Ni mmoja wetu. Huenda sasa ni mhadhiri mahali fulani, na huenda yeye pia hulalamika kuhusu Wazungu.

Kufuli nalo nilikuwa nimekwisha kulionja. Kabla ya kuletewa juzuu hilo lililonyofolewa nilikuwa nimezunguka kwa siku mbili. Siku ya kwanza niliambiwa nilete barua kutoka idarani. Nilipoileta, nikaambiwa haikuelekezwa kwa mkutubi mkuu kwa cheo chake. Iliporekebishwa, aliyekuwa na ufunguo alikuwa ametoka. Simu yangu iliachwa mlangoni, na kunakili makala kwa mashine hakukuruhusiwa. Ningeruhusiwa kuandika kwa mkono, kwa penseli, hadi saa kumi jioni.

Sina ugomvi na penseli. Wino ukimwagika juu ya karatasi ya miaka mia na hamsini hauondoki, na mkoba mkubwa mezani ni mwaliko wa wizi. Maktaba yoyote yenye hati adimu duniani ina masharti ya namna hiyo, nayo ni ya haki. Ugomvi wangu ni na masharti ambayo hayalindi karatasi bali yanamchosha msomaji. Barua ya pili inalinda nini ambacho kitambulisho changu cha chuo hakikilindi? Na simu je? Kamera ya simu haikati. Mwanafunzi aliyeruhusiwa kupiga picha ya kurasa kumi na mbili hana haja ya wembe. Aliyekatazwa kunakili, naye ana saa mbili za kuandika kwa penseli na tasnifu inayodaiwa na msimamizi, ndiye anayeingia katika jaribu. Sisemi haya ili kumtetea mwizi. Nasema kwamba kila ukurasa ukikatwa maktaba huongeza kufuli, na kila kufuli likiongezwa mtu mwingine hununua wembe.

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwa wakutubi. Mara yangu ya kwanza kufika katika chumba cha mkusanyo maalumu nilimwambia mzee aliyekuwa mezani kwamba nataka mashairi ya kale ya Kiswahili. Akaniuliza: nambari gani? Sikuwa na nambari. Nilimwona mtu mkavu asiyependa wanafunzi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba swali lake lilikuwa ndilo swali la pekee linalofaa. Mkusanyo maalumu si rafu za kupitapita ukichungulia migongo ya vitabu. Msomaji haingii ghalani. Huanza na katalogi au fahirisi, huko huchota nambari ya hati, huijaza katika kikaratasi cha maombi, kisha huletewa alichoomba wala si zaidi. Asiyejua anachotafuta hapewi kitu, na miaka minne ya shahada ya kwanza haikunifundisha jambo hilo. Nilifundishwa na mzee yule yule, baada ya kumrudia mara tatu na kumwamkia vizuri.

Chukulia mfano wa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alipita katika mwambao akikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu huko. Katalogi ya mkusanyo huo ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Miswada haiko Ulaya. Iko Dar es Salaam, safari ya basi kutoka Nairobi au Mombasa. Nimewauliza wenzangu wa uzamili ni wangapi wamewahi kuifungua katalogi hiyo, sembuse kuipanda basi. Waliotikisa kichwa ni wengi kuliko waliojibu.

Na hata hilo neno «ilichukuliwa» linahitaji kuchunguzwa. Sehemu kubwa ya hati za Lamu zilizo Uingereza na Ujerumani zilinakiliwa na Muhamadi Kijuma, mwandishi, mshairi na mchongaji wa Lamu aliyefariki katikati ya miaka ya 1940. William Hichens na Ernst Dammann walimwomba nakala, naye akawaandikia kwa hati yake nzuri, akalipwa. Unaweza kusema malipo yalikuwa madogo na kwamba mwenye nguvu alikuwa Mzungu, nami nitakubaliana nawe. Lakini nakala ya kulipiwa si ngawira. Kijuma alijua anachokifanya, na huenda bila kazi yake baadhi ya tungo zile tusingekuwa nazo popote. Ajabu ni kwamba kitabu kikubwa kuhusu maandishi yake kilihaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, kikatoka Ujerumani mwaka 2010. Hilo si kosa lao. Wao walifungua makasha.

Kwa nini basi tufungue makasha ilhali diwani zimechapishwa? Swali hili niliulizwa na mwenzangu mmoja, na halikuwa la mzaha. Tazama basi safari ya Muyaka bin Haji. Alifariki Mombasa mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo zake kutoka kwa watu waliokuwa wakizikumbuka, akaziandika kwa hati ya Kiarabu, akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikafika London, katika maktaba ya SOAS. Hichens akazitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akachapisha Nairobi utafiti wake mkubwa juu ya mshairi huyo. Basi ninapoandika katika tasnifu yangu kwamba «Muyaka anasema», kati yangu na Muyaka wamesimama mkumbukaji, mwandishi, mkusanyaji, mhariri na mpiga chapa. Kila mmoja aliamua jambo.

Maamuzi hayo si madogo. Katika hati ya Kiarabu ya jadi iliyotumiwa mwambaoni, herufi moja iliweza kubeba sauti ya b, ya p na ya mb. Kwa hiyo «baba», «papa», «bamba» na «pamba» yaliweza kuandikwa kwa sura moja. Mizani haikusaidii, maana yote ni ya silabi mbili. Alama iwekwayo chini ya herufi ilisomeka i au e, na ile ya u ndiyo iliyokuwa pia ya o. Wataalamu wa Mombasa waliliona tatizo hili mapema: Mwalimu Sikujua alishughulika nalo, na baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye akapendekeza marekebisho ya herufi. Lakini hati za zamani zilibaki zilivyo, na anayezisoma huamua kwa muktadha, kwa vina na kwa kuijua lahaja. Akikosea, neno lililokosewa hupigwa chapa, hunukuliwa, hufundishwa, na hatimaye mwanafunzi wa uzamili huandika kurasa tatu za uhakiki juu ya sitiari ambayo mshairi hakuitunga. Nakiri kwamba nilikaribia kuwa mwanafunzi huyo. Kilichoniokoa ni msimamizi wangu aliyeandika pembeni mwa rasimu: «Umeliona neno hili katika mswada, au katika kitabu?»

Sikuwa nimeliona, na hata ningeonyeshwa nisingeweza kulisoma. Hapa ndipo penye aibu yetu kubwa kuliko zote. Shahada ya fasihi ya Kiswahili inapatikana leo Kenya bila mwanafunzi kujua kusoma alifu. Watoto wa madrasa za Mombasa, Lamu na hata Eastleigh wanatushinda. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, aliishi London miaka mingi akiwasaidia wasomi wa huko kuielewa miswada hii. Sisi tunaoishi jirani na wanaoijua hati hiyo hatujawaomba watufundishe.

Wapo watakaosema kwamba mtandao umemaliza shida hizi zote. Umepunguza, sikatai. SOAS imeweka picha za miswada mingi ya Kiswahili mtandaoni, na hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambazo nyingi ni za Kiarabu, zilipigwa picha kupitia mpango wa British Library wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini. Lakini Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi. Aliyekuwa akiitegemea picha ya London ili kuisoma hati ya Lamu alibaki mikono mitupu. Tena picha haimwambii kitu asiyeijua hati. Aghalabu humwonyesha tu uzuri wa wino.

Wala si tendi pekee. Anayetafiti historia ya Kiswahili sanifu ana majalada ya Idara ya Elimu ya enzi ya ukoloni katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katika lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi, ambalo wengi wetu tunalijua kama mahali pa kukutania na marafiki. Anayetafiti lugha ya magazeti angeanzia Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye magazeti ya zamani. Tasnifu za walimu wetu za miaka ya 1970 na 1980, ambazo nyingi bado ni karatasi tu, zimo katika vyumba vya marejeleo vya vyuo vyetu, na hizo pia wembe umezifikia.

Ninachowaomba wahadhiri wetu ni kwamba pendekezo la utafiti wa ushairi wa kale lisipitishwe mpaka mwandishi aonyeshe ameiona angalau hati moja ya utungo anaoutafiti, hata kama ni picha yake, na aeleze imehifadhiwa wapi na kwa nambari gani. Wakutubi wakubali kitambulisho cha uzamili badala ya barua, na waruhusu kamera isiyo na mwanga wa ghafla kwa kila kisichoharibika kwa kufunguliwa. Nacho chama chetu, ambacho kila mwaka hutumia fedha kwa fulana na safari, kimlipe mwalimu wa kutufundisha hati ya Kiarabu jioni mbili kwa juma kwa muhula mmoja. Nimewauliza wanaojua: muhula mmoja unatosha kuanza kusoma utendi kwa kusuasua.

Ama ile makala ya arudhi, hatimaye niliipata kwa mhadhiri mmoja mstaafu aliyekuwa na juzuu lake mwenyewe nyumbani. Nilizinakili kurasa zote, nakala mbili. Ya pili niliipeleka maktabani ili itiwe mahali pa zile zilizokatwa. Mkutubi aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, kisha akaniomba barua kutoka idarani. Niliileta Jumatatu iliyofuata, ikiwa imeelekezwa kwa mkutubi mkuu kwa cheo chake, na kurasa sasa zimo.