Inchi isiyohesabu watu wake itawapangia nini?



Mara ya mwisho serkali kuhesabu watu wa Kongo ilikuwa 1984. Tulikuwa karibu milioni 30. Leo wanasema tumepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio tu.

Tunaongezeka mbio: watoto hawafi tena kama zamani, na mama mumoja anazaa wastani wa watoto 6. Zaidi ya nusu yetu hatuyafikisha miaka 18. Kuna wenye kusema shida ni wingi wetu. Tunakataa! Shida ni kutawala bila kujua: mashule ngapi, waganga ngapi, maji kwa mitaa gani? Hata viti vya wabunge vinagawanywa kufuata walioandikishwa kupiga kura. Vita ikizuia watu kujiandikisha, kama Masisi na Rutshuru mbele ya kura ya 2023, sauti yao inapotea.

Tunadai watu wote wahesabiwe, na waliokimbia vita pia. Nanyi wazazi, mutoto akizaliwa mumuandikishe kwa état civil mbele siku 90 hazijapita. Sheria inasema ni bure. Wakiomba feza, mukatae.

Asiyehesabiwa hagawiwi.