Wafumaji wa Sosiot Waandikwe Majina



Ingia karibu nyumba yoyote kati ya Kapsoit na Kabianga, huku kwetu Sosiot, Kericho. Kabla chai haijafika mezani utakuwa umeshaegemea kazi ya sanaa. Vitambaa vya kroshia vimetandazwa juu ya makochi, juu ya meza, hata juu ya runinga: vyeupe, vya rangi ya maziwa, vya kijani, kila kimoja na ua lake katikati. Aliyevifuma huenda ndiye yuko jikoni anakuandalia hiyo chai. Alifuma akisubiri lori kwenye kituo cha kununulia majani, akafuma kwenye chama, akafuma usiku watoto wakishalala. Ukimsifu atakuambia ni vitu vidogo tu vya kupitishia wakati. Mimi simkubalii, na naomba nanyi msimkubalie.

Yuko Mkenya anayeitwa Naomi Wanjiku Gakunga, aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi kisha California, na ambaye makao yake ni San Antonio, Marekani. Anafuma, ila uzi wake ni waya wa chuma. Mabati anayakata, anayaacha kwenye maji hadi yashike kutu na kutoa rangi, halafu anayaunganisha yawe kama nguo kubwa ya kutundikwa ukutani. Fikra hiyo hakuitoa ng'ambo. Aliitoa kwa vikundi vya akina mama wa Kenya ya Kati waliochanga pesa baada ya uhuru ili wang'oe nyasi kwenye paa na kuezeka mabati. Kazi zake zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya London. Mama wa Sosiot naye anajua mishono, anajua kuhesabu vitundu bila kuandika popote, anajua chama. Kilichobaki ni sisi kumtazama kwa macho mengine.

Wala tusianzie kwenye kroshia, maana kroshia ni mgeni aliyekaa akawa mwenyeji. Tazameni sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Watu hukisifia maziwa yake na kusahau mwili wake: kifuniko cha ngozi kilichoshonwa kikakaza, mkanda wa kubebea, shanga zilizopangwa kwa mpango ambao mwenye jicho huusoma. Ndani kimepakwa mkaa wa mti wa senetwet kwa ufito wa mkindu, mti ambao Wakipsigis huuita sosiot. Mkindu huohuo ndio unaowapa Waswahili wa pwani ukindu wa kusukia mikeka. Huko Pemba na Lamu watu wameujengea ususi mzima, wenye rangi na majina ya mitindo. Kwetu tunauchoma kusafisha shamba. Hata vikapu vya kuchumia chai, vilivyokuwa vya kusukwa kwa mkono, vingi sasa ni vya plastiki, na mashine za kuchuma zinazidi kuingia mashambani. Vikapu vya zamani vikioza bila kuhifadhiwa hata kimoja, mjukuu atasoma habari za chai asijue bibi yake aliibebea nini mgongoni.

Waganda wametutangulia, na hakuna aibu kukiri. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, Uganda ilikuwa na banda lake katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye huchukua kazi za wanawake wasukaji wa vijijini, za rafia, nyuzi za migomba, mabua ya mtama na nguo za gome la mti wa mutuba, akazishona pamoja ziwe sanamu kubwa laini. Banda hilo lilitunukiwa sifa maalumu na majaji. Ninachompendea zaidi Kerunen kuliko tuzo hiyo ni kwamba hawafichi wasukaji. Anasema wazi kwamba mikono ni mingi.

Hapo ndipo penye kiini cha ombi langu. Huko Gee's Bend, kijiji cha wakulima weusi jimboni Alabama, wanawake walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za shambani zilizochakaa. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika makumbusho ya Houston, kisha New York, na wakosoaji wakashangilia. Mwaka 2006 yakawa kwenye stempu za posta ya Marekani. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakilalamikia malipo na haki za kazi zao, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata. Sifa ilikuwa imefika kabla ya hesabu kuwekwa sawa. Sisi tuna nafasi ya kuanza na hesabu.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja kubwa: majina. Disemba hii, watoto wa mjini wanaporudi nyumbani, kila mmoja aketi na kogo wake, yaani bibi yake, na vitu vya nyumba hiyo: kitambaa, kibuyu, kikapu, sweta. Uliza nani alitengeneza, alijifunza kwa nani, uzi ulitoka wapi. Wafumaji wengi walifumua sweta za mitumba ili wapate uzi. Andika hilo pia, ni sehemu ya historia. Piga picha mchana, karibu na mlango, si usiku chini ya balbu.

Walimu wa Sosiot, mtaala wa umilisi tayari unataka watoto wasuke na kufuma. Wazazi wananung'unika kununua vifaa vya darasa hilo, nami nawaelewa. Mwalimu mzuri wa somo hilo yuko nyuma ya uzio wa shule anapalilia mahindi. Mwalikeni, na mpeni nauli na kitu cha mkononi kama mnavyompa mgeni yeyote wa kuzungumza. Vyuo vya ufundi vya kaunti vilivyozoea cherehani vijaribu pia ukindu na waya.

Nanyi waheshimiwa wa bunge la kaunti: sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inazipa kaunti kazi ya kusajili mambo haya. Sajilini. Tupeni pia ukuta mmoja mkavu wenye mwanga katika jengo la umma, ambapo kazi zitatundikwa kwa usawa wa macho. Kericho imeshatoa mchongaji kama Chelenge Van Rampelberg; asiwe wa kusimuliwa peke yake.

Vyama vya akina mama, nyinyi mnaweza kuanza bila kumngoja mtu. Mkikutana tena, kila mmoja alete kazi moja aliyoifuma mwenyewe, na katibu akishamaliza kuandika michango, afungue ukurasa mpya wa daftari: jina la mfumaji, kijiji chake, aliyemfundisha, na bei ambayo yeye mwenyewe anaitaka. Mnunuzi akija, akiwa wa Kericho mjini au wa London, aonyeshwe ukurasa huo kwanza.