Mshtuko wa Moyo: Neno Moja, Hatari Mbili

Neno likibebeshwa maana mbili, kwa kawaida anayeumia ni mtahiniwa. Lipo hata hivyo neno ambalo utata wake waweza kugharimu uhai, nalo ni "mshtuko wa moyo".

Wengi wetu, walimu tukiwemo, hulitumia kwa hali mbili zisizolingana. Ya kwanza ni kuziba kwa mshipa unaoulisha moyo: mgonjwa hushika kifua kwa maumivu, hutokwa jasho, lakini aghalabu angali na fahamu, na haja yake ni kufikishwa hospitali upesi. Ya pili ni moyo kusimama. Huyu huanguka ghafla, haitiki, hapumui, au hukoroma kwa vipindi tu. Mara nyingi moyo wake unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kunusurika kwa asilimia 7 hadi 10. Mwanafunzi akianguka hivyo uwanjani hapa Merigi, gari la kumkimbiza Tenwek, pamoja na sifa zote za hospitali hiyo katika upasuaji wa moyo, litachelewa. Mchezaji Christian Eriksen aliokolewa mjini Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021, kwa sababu alikandamizwa kifua na kupewa umeme pale pale nyasini.

Mashine inayotoa umeme huo, ambayo nitaiita kigutuamoyo (mwenye istilahi bora na ailete), haimhitaji daktari. Vibandiko viwili hubandikwa kifuani, nayo huupima mwendo wa moyo na kukataa kutoa umeme usiohitajika. Tena husema! Humwelekeza mtumiaji hatua kwa hatua, kwa sauti.

Kwa lugha gani? Hilo ndilo swali ambalo shule yoyote inayokusudia kuinunua sharti imwulize muuzaji kabla ya kulipa. Mpishi au bawabu aliye karibu na aliyeanguka hana wasaa wa kutafsiri Kiingereza. Ikiwa sauti ya Kiswahili haipatikani, maagizo yaandikwe kwa Kiswahili na Kikipsigis, yabandikwe juu ya kisanduku chake, na wafanyakazi wote wayafanyie mazoezi.

Nako kukandamiza kifua hakuhitaji mashine: mikono miwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kipindi kimoja cha michezo muhula huu chatosha kuanzia.