Maji ya rangi yakigeuka maangavu juani, je, ni salama?

Huenda umetumiwa kwenye simu video ya namna hii: chupa ya maji ya buluu inatiwa unga mweupe, inaanikwa juani, na baada ya muda maji yanakuwa maangavu. Si kiinimacho. Ila kuna jambo video hizo haziligusi, na anayemwagilia bustani kwa maji ya mto unaopita viwandani ndiye anayelihitaji zaidi.

Unga huo aghalabu ni titani dioksidi, uleule unaofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Madini yake hata kwetu yapo: mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa ajili hiyo hadi mwishoni mwa 2024. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kuwa madini haya yakimulikwa ndani ya maji huanza kufanya kazi. Mwanga hufyatua elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme. Pengo linalobaki hunyakua elektroni nyingine kutoka kwa chochote kilicho karibu, na hapo rangi ya nguo hukatikakatika hadi, kazi ikikamilika, kubaki hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi.

Metali nzito ni habari nyingine kabisa. Risasi haikatikikatiki. Kadimiamu vivyo hivyo. Kromiamu inayotumiwa kupaka vyuma ili ving'ae ina aina moja yenye sumu kali, inayoleta saratani. Unga huu huweza kuigeuza iwe aina yenye madhara madogo. Lakini imo bado majini! Inabidi itiwe chokaa, izame, kisha tope litolewe na kuhifadhiwa mbali na visima na mashamba.

Hatari hii si ya maabara tu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Risasi na kadimiamu vilikuwemo. Kwa macho, mchicha ni mchicha.

Mbona basi viwanda havitumii unga huu kila mahali? Katika mwanga wa jua, miale inayouamsha ni kama sehemu 5 tu katika 100. Maji mazito ya rangi huzuia mwanga usipenye. Na unga wenyewe ni laini mno, kuuchuja ni kazi.

Kwa hiyo usiutie kwenye maji ya nyumbani. Kuchemsha nako hakuondoi metali. Maji yanapungua, metali inabaki. Ukiwa na wasiwasi na mto wenu, nendeni pamoja na uongozi wa kijiji kwenye ofisi ya bonde la maji, au NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya. Mkiambiwa maji yamepimwa, ulizeni kama risasi, kadimiamu na kromiamu zilipimwa pia, na kilipatikana kiasi gani.